Kumzoesha mbwa mtumbwi Ziwa Victoria: kuanzia gunia la nyumbani hadi kambi ya ufukweni

Mbwa wa kilo 18 akisimama ghafla upande mmoja wa mtumbwi mwembamba, mtumbwi unalala, na kukiwa na wimbi maji yanaingia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kumzoesha hufanyika nchi kavu, kabla hajalowa hata ukucha. Unachotafuta ni kitu kimoja: mbwa anayelala chini akiambiwa, akabaki amelala mpaka aruhusiwe, hata mnandi akipiga mbawa karibu na pua yake. Jaketi, kuogelea na kambi vinakuja baadaye, na vyote ni rahisi kuliko hilo.

Mwongozo huu ni wa mitumbwi ya makasia na kayaki, kwa safari za kandokando ya ufukwe: Luchelele, Igombe, Kayenze karibu na jiji la Mwanza, na ghuba ndogo za namna hiyo. Kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kasia pamoja na mbwa, au kuelekea kisiwa cha Ukerewe, hakumo humu na hatukushauri.

Mbwa anayefaa

Mbwa wa kienyeji wa kilo 12 hadi 20 anawashinda wengi. Manyoya yake mafupi hukauka upesi, joto analivumilia, na unaweza kumvuta kutoka majini peke yako. Mbwa wa jamii ya German Shepherd, wenye kilo 30 na kuendelea, wanahitaji mtumbwi mpana na watu wazima wawili. Wenye pua fupi wabaki nyumbani, kwa sababu hupumua kwa shida kwenye joto na katikati ya maji hakuna mti wa kukimbilia.

Mazoezi ya gunia (kumfundisha kulala juu ya gunia) yanaweza kuanza akiwa na miezi minne, lakini safari ya kulala nje isubiri afikishe mwaka. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapita muda wake (huanza akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka), na cheti chake ukibebe kwenye mfuko wa plastiki. Kama unatoka wilaya moja kwenda nyingine, muulize ofisa mifugo kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama mapema, si asubuhi ya safari. Kata kucha zake siku mbili kabla. Jike anayetaka dume asiende kabisa: mialo (sehemu za kutulia mitumbwi ya uvuvi) imejaa madume wasio na mwenyewe, na ugomvi wao hauamuliki kwa fimbo.

Jaketi okozi

Majaketi ya mbwa ni adimu madukani Mwanza. Ukilipata, pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, na chagua lenye mpini mgongoni. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili, kiganja kisipite.

Usipolipata, fundi cherehani anaweza kulishona kwa kitambaa cha turubai. Kosa la kawaida hapa ni kujaza sponji ya godoro, ambayo hunyonya maji na baada ya dakika chache humzamisha mbwa badala ya kumwelesha. Tumia mkeka wa mazoezi ya viungo, ule wa povu lisilonyonya maji. Mkeka wa sentimita 60 kwa 180 wenye unene wa sentimita 1 una ujazo wa karibu lita 11, na kila lita ya povu hilo huelesha karibu kilo moja. Nusu ya mkeka, yaani kama kilo 5 za kuelea, inamtosha mbwa wa kilo 15 hadi 20, maana mwili wake majini una uzito kidogo sana. Mpangilio wa povu ndio wenye mtego. Tabaka za kulia na kushoto zikae juu kwenye mbavu, na kipande kimoja kiwe chini ya shingo ili kiinue kidevu. Povu likijaa tumboni, mbwa atapinduka chali. Mpini ushonwe kwenye mkanda unaozunguka mwili mzima. Ukishonwa kwenye kitambaa tu utang'oka siku utakayouhitaji.

Lijaribu kwenye maji ya kiunoni kwa dakika kumi kabla ya kuliamini. Na mwanadamu naye avae lake. Mtu asiyejua kuogelea hana atakachomsaidia mbwa.

Hatua ya kwanza: gunia

Chukua gunia la katani, likunje mara mbili, liweke barazani. Mfundishe mbwa kwamba gunia ndilo mahali pake. Kila akilala juu yake, mpe dagaa mmoja mkavu. Maneno yawe manne, yaleyale siku zote na kwa watu wote wa nyumbani: *lala*, *subiri*, *acha*, *njoo*. Baba akisema "subiri" na mtoto akasema "tulia", mbwa anajifunza maneno mawili nusunusu.

Anza na dakika moja, ongeza hadi afikie dakika ishirini. Kisha leta vishawishi: kuku wapite, mpira udunde, mtu adondoshe sufuria. Akiinuka, usimpigie kelele. Mrudishe kimya, na mara inayofuata punguza muda. Watu wengi huharakisha hapa kwa sababu kunachosha, halafu wanakuja kusema mbwa wao anaogopa maji. Kwa mbwa mtulivu hatua hii huchukua kama wiki mbili, kwa kijana mwenye fujo mwezi na zaidi.

Hatua ya pili: mtumbwi mchangani

Omba mtumbwi uliopandishwa ufukweni, na umwombe mwenyewe kwanza. Wavuvi wengine hawapendi mbwa karibu na nyavu zao, na kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo mtumbwi wao utalazimika kusafishwa kwa taratibu za dini. Uliza, na ukikataliwa tafuta mwingine bila kubishana.

Weka gunia lilelile katikati, kati ya mataruma (mbao za mbavu za mtumbwi) mawili, ili mbwa asiteleze wala asijeruhi miguu kwenye misumari. Pitisha mkono chini ya kila taruma kwanza: ndoano, vipande vya waya na miiba ya sangara hujificha humo. Mpandishe, mwambie alale, mpe chakula chake cha jioni humohumo. Rudia siku tatu au nne. Kisha kaa naye ndani na utikise mtumbwi taratibu kwa mwili wako, ugonge kasia ubavuni, ulipitishe juu ya kichwa chake. Mbwa wengi huogopa kasia kuliko maji, kwa sababu linafanana na fimbo. Mwache alinuse na umpe dagaa lilipo.

Kuingia na kutoka ni somo lake peke yake. Asiruke kamwe kabla ya kusikia "njoo". Mbwa anayeruka mtumbwi ukikaribia ufukwe huusukuma nyuma, na anayepiga kasia nyuma ndiye anayeoga.

Hatua ya tatu: maji ya magotini

Mahali pa mazoezi pawe na mchanga, maji yanayoonekana hadi chini, pasipo mafunjo, matete wala magugu maji, na watu wawepo. Epuka midomo ya mito. Mto Mirongo unaingiza ziwani uchafu wa jiji, na mito kama Simiyu, upande wa Magu, ni makazi ya mamba. Muda mzuri ni kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Mamba huwinda zaidi alfajiri, jioni na usiku, na mbwa anayekunywa maji ukingoni ni windo analolimudu bila shida. Kwa sababu hiyohiyo, mzoeshe kunywa kwenye bakuli tu.

Funga mtumbwi kwa kamba fupi, mtu mmoja aushike, mwingine ampandishe mbwa. Alale kwenye gunia dakika tano, ashuke, mwisho. Kesho yake dakika kumi. Akitetemeka, akihema mdomo wazi wakati hakuna joto, au akikataa dagaa aliyemzoea, umemfikisha mbali mno. Rudi mtumbwi wa mchangani.

Hapo ndipo pia umfundishe kuogelea akiwa na jaketi. Si kila mbwa huzaliwa anajua. Wengine hupiga maji kwa miguu ya mbele huku makalio yakizama. Mshike chini ya tumbo mpaka miguu ya nyuma ifanye kazi. Usimtupe majini, maana ukimtupa mara moja unaweza kuwa umepoteza kazi ya mwezi mzima. Akitoka, mpanguse na umwogeshe kwa maji safi. Na wewe ukumbuke kichocho: vimelea vyake hutoka kwenye konokono wa maji tulivu yenye majani, wakapenya ngozi, kwa hiyo usisimame majini bila sababu.

Hatua ya nne: kuondoka ufukweni

Safari ya kwanza iwe ya dakika kumi, watu wawili, umbali ambao bado miguu yako inagusa chini. Mbwa alale mbele ya miguu ya anayepiga kasia nyuma, ili mtu huyo amwone na amfikie kwa mkono. Kama uko peke yako, awe mbele ya magoti yako, na usawazishe uzito: dumu la lita 20 lililojaa lina kilo 20, na ukilisogeza kidogo unaona mtumbwi ukinyooka.

Jambo lisilo na mjadala: mbwa asifungwe kwenye mtumbwi. Ukipinduka, aliyefungwa anakwenda nao. Kamba ya shingoni ivuliwe mkiwa ndani, abaki na jaketi tu.

Ongeza muda taratibu: nusu saa, saa moja, halafu nusu siku. Kila saa moja mtue, ajisaidie, anywe. Mambo yatakayokusumbua yanajulikana:

Ndege. Furukombe akilia au mnandi akizama karibu, mbwa huinuka. Sema "acha" kabla hajainuka, si baada; masikio yakisimama ndiyo ishara.

Pimbi na mijusi. Miamba ya Mwanza imejaa pimbi, na mbwa anawanusa mkiwa bado majini. Ukitua penye mawe, mshike mpini mpaka kamba iwe shingoni. Mawe hayo saa nane mchana huunguza nyayo. Weka kiganja chako sekunde tano, ukishindwa naye hataweza.

Kujikung'uta. Mbwa aliyelowa akijikung'uta akiwa amesimama anautikisa mtumbwi mzima. Mwache amalize ufukweni ndipo apande.

Kulia lia. Mara nyingi ni mkojo au jua. Tua kwanza, sababu utaijua baadaye.

Mtumbwi ukipinduka

Fanyeni zoezi hili kwa makusudi, mara moja, kwenye maji ya kifuani. Hesabuni watu kwanza. Shikeni mtumbwi, msiuache, kwa kuwa wa mbao unaelea hata ukijaa. Mbwa mwenye hofu hupanda juu ya mtu na kumzamisha, basi uweke mtumbwi kati yako na yeye, mshike mpini kwa nyuma, umsukume juu ya mgongo wa mtumbwi.

Akiwa amekunywa maji na hapumui, mlaze ubavu, kichwa chini kidogo ya mwili, vuta ulimi nje, toa uchafu mdomoni. Hakuna mapigo ya moyo? Bonyeza kifua haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kiingie theluthi moja hadi nusu ya upana wake. Kila baada ya mibonyezo 30, mfunge mdomo kwa mkono na umpulizie puani mara mbili. Akizinduka, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo hata kama anatikisa mkia, kwani mapafu yanaweza kuvimba saa kadhaa baadaye.

Upepo

Asubuhi ziwa mara nyingi limetulia. Kwenye saa tano au sita upepo wa ziwani huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, na alasiri mawimbi yameinuka. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huongeza nguvu. Masika na vuli tatizo ni ngurumo, na nyingi hutokea usiku wa manane hadi asubuhi. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, lakini pia watazame wavuvi: kama mitumbwi yao bado iko mchangani saa moja asubuhi, na yako ibaki hapo. Panga uwe umetua kabla ya saa tano.

Kulala kambini

Hifadhi za taifa zifute kwenye ramani yako. Saanane, iliyo karibu kabisa na Capri Point, na Rubondo hazipokei mbwa. Penginepo, ripoti kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na kwa uongozi wa mwalo kabla ya kupiga hema. Watakuambia viboko wanapandia wapi, habari ambayo huwezi kuinunua.

Viboko hutoka kula majani usiku na hurudi majini kwa njia zilezile. Njia yao utaijua: mfereji mpana ulioshindiliwa, wenye alama za vidole vinne na mavi yaliyotapanywa vichakani. Hema likae mbali na mfereji huo, juu ya ukingo, angalau mita 50 kutoka majini. Mbwa alale ndani ya hema au afungwe mlangoni kwa kamba isiyozidi mita moja na nusu. Mbwa aliyeachwa huru hukimbilia kelele za usiku, akaudhi kiboko, kisha akakimbilia kwako na kiboko nyuma yake.

Mchana, mwaloni, awe kwenye kamba wakati wote. Dagaa walioanikwa ni kazi ya usiku mzima ya mtu. Mbwa akipita juu yao au akala, utalipa, na ni haki. Mbuzi vilevile.

Chakula cha mbwa wa kilo 15 anayefanya kazi: unga wa mahindi gramu 150 na dagaa wakavu gramu 100 kwa siku, vipikwe pamoja bila chumvi wala kitunguu. Vitunguu huharibu damu yake. Osha dagaa mchanga utoke. Mpe theluthi asubuhi, theluthi mbili jioni, kwa sababu tumbo lililojaa na mawimbi havipatani. Maji ni lita moja kwa siku ya kawaida, mbili kwa siku ya jua. Matumbo ya samaki yaliyotupwa asiyaguse, kwa ajili ya minyoo na ndoano.

Kwenye begi lake weka: gunia, bakuli, kamba ya ziada, taulo, koleo la kukatia waya, bandeji, dawa ya vidonda isiyounguza, kibanio cha kupe, tochi. Dawa za maumivu za binadamu ziache kwenye begi lako. Diclofenac na ibuprofen zinaweza kumtoboa tumbo na kuua figo zake.

Hatari tatu za kuzijua kwa macho

Mwani wa sumu. Siku za joto na maji tulivu, utando wa kijani kama rangi ya ukutani hukusanyika kwenye ghuba upande upepo unakoelekea, na Ghuba ya Mwanza inajulikana kwa hilo. Mbwa akilowa humo, sumu humwingia anapojilamba. Msuuze kwa maji ya dumu, mzuie kujilamba. Akitapika, akilegea au akianza degedege, ni dharura. Hakuna dawa ya nyumbani, maziwa yasikupotezee muda.

Ndoano. Iliyoingia ngozini usiivute kurudi ilikotoka. Isukume mbele mpaka kijino cha ndoano kitokeze, kikate kwa koleo, ndipo uitoe. Aliyemeza ndoano na uzi ukaning'inia mdomoni: usivute uzi, usiukate, ufunge kwenye mkanda wa shingo na uende kwa daktari.

Joto. Mate mazito, fizi nyekundu sana, kuyumba. Kivulini mara moja, mmwagie maji ya ziwa mwili mzima mfululizo, mpepee. Usimfunike taulo bichi, maana hulihifadhi joto.

Mkirudi

Mwogeshe kwa maji safi, kausha masikio, pitisha vidole kati ya nyayo na nyuma ya masikio kutafuta kupe. Kagua tena kesho yake. Homa, kukataa kula, fizi nyeupe au mkojo wa rangi ya chai ndani ya wiki tatu huashiria ugonjwa wa kupe. Kama mlipita vichaka vyenye mbung'o, jicho likigeuka kama lenye ukungu wa buluu, mwambie daktari neno "ndorobo" (ugonjwa unaoenezwa na mbung'o) mwenyewe, asianze kutibu jicho peke yake. Jaketi lisuuzwe na likaushwe kivulini. Jua hudhoofisha nyuzi za plastiki za mishono. Na wewe uliyesimama majini kila siku, nenda zahanati ukapime kichocho baada ya wiki sita hadi nane, kwa kuwa kabla ya hapo mayai yanaweza yasionekane kwenye kipimo.